Kutoka Kihami hadi Kinga: Historia ya Kauri Zinazostahimili Joto katika Kuzuia Usumbufu wa Sumakuumeme, na Suala la Istilahi Yake

Ikisiri

Kauri iliingia katika historia ya umeme ikiwa kihami: kitu kinachoushika waya na kuuzuia umeme usitoroke. Makala haya yanafuatilia namna nyenzo hiyo ilivyogeuka, katika muda wa takriban karne moja, kuwa kinga dhidi ya mawimbi ya sumakuumeme mahali penye joto ambalo metali na plastiki hazilistahimili. Hatua zinazojadiliwa ni kauri inayopitisha mawimbi, feraiti za Japani na Uholanzi, nyuzi za kabidi ya silikoni zilizobuniwa Sendai, na kauri mseto zilizotokana nazo. Hoja inayotetewa ni kwamba fasili ya kauri inayoegemea udongo au uhami imepitwa na historia ya nyenzo yenyewe, na kwamba kitenzi "kukinga" kina maana mbili zinazoifaa historia hiyo kuliko istilahi za lugha jirani. Athari ya suala hili katika uainishaji wa bidhaa za forodha inaguswa mwishoni.

Maneno muhimu: kauri mseto, kinga, usumbufu wa sumakuumeme, kabidi ya silikoni, istilahi

Neno kabla ya kitu

Apitaye chini ya waya za umeme katika mji wowote wa Afrika Mashariki, akiinua macho, ataona juu ya nguzo vifaa vidogo vya kahawia au vyeupe ambavyo mafundi huviita vikombe. Jina limetokana na umbo. Kazi ya vikombe ni kuubeba waya bila kuuruhusu umeme uteremke kwenye nguzo, na vingi vimeumbwa kwa kauri kwa sababu kauri ya aina hiyo haipitishi umeme, haiozi kwa mvua wala haipindiki kwa jua. Fundi hakuhitaji kamati ya istilahi ili akitaje kifaa chake. Lakini jina lililotokana na umbo halimwambii mtu chochote kuhusu tabia ya nyenzo, na hapo ndipo penye chanzo cha tatizo linalojadiliwa katika makala haya.

Neno "kauri" lina safari ndefu. Katika Kiswahili linataja simbi ya baharini, na linataja pia vyombo laini vinavyong'aa vilivyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Chimbuko lake ni lugha za Bara Hindi, ambako ni jina la simbi. Waitalia nao waliviita vyombo vya China porcellana, neno walilokwisha kulitumia kwa simbi hiyohiyo, na kutoka kwao jina likaenea Ulaya. Jamii mbili zilizotazama bidhaa moja zilikuta mfanano uleule: uso mweupe, laini, wenye mng'ao. Bakuli za China zilizopachikwa katika makaburi ya nguzo huko Kunduchi na Mambrui, na zile zilizopangwa katika zidaka za nyumba za Lamu, ziliwekwa pale kwa ajili ya mng'ao huo.

Wagiriki walishika njia nyingine. Neno lao keramos, lililozaa "seramiki" ya leo, ni udongo wa mfinyanzi na kitu kilichochomwa kutokana nao. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuitaja nyenzo hii kwa Kiswahili ana majina mawili mezani, moja likitazama uso na jingine likitazama malighafi. Hakuna hata moja linalotazama kazi. Yote mawili yangetosha kama kauri ingebaki kuwa bakuli na vikombe vya nguzo. Haikubaki.

Wimbi na ukuta

Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba cha mchemraba chenye upana wa futi 12 katika Taasisi ya Kifalme ya London, akakizungushia waya na karatasi ya metali, akaingia ndani na vipima umeme vyake. Nje palirushwa cheche kubwa. Ndani hakuona dalili ya umeme. Kizimba hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa kinga ya sumakuumeme, ingawa mawimbi yenyewe yalikuwa hayajajulikana. James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu katika miaka ya 1860, na Heinrich Hertz akayathibitisha kwa majaribio huko Karlsruhe kati ya 1887 na 1888.

Redio ilipoenea, usumbufu ulienea pamoja nayo. Mota ya tramu ilisikika katika redio ya sebuleni. Mwaka 1934 iliundwa kamati ya kimataifa inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CISPR, ambayo hadi leo hutunga viwango vya kudhibiti usumbufu huo. Inafaa kuzingatia kwamba jina la kamati hiyo linatumia neno la Kifaransa lenye maana ya kusumbua. Katika Kiswahili baadhi ya waandishi hutumia "mwingiliano", neno linaloashiria pande mbili zinazoingiliana kwa usawa. Redio ya sebuleni haikuiingilia tramu. "Usumbufu" ni neno sahihi zaidi, nalo ndilo linalotumika hapa.

Katika miaka ya 1930 na 1940, Sergei Schelkunoff wa Maabara za Bell nchini Marekani aliipa kinga nadharia ambayo wahandisi bado wanaitumia. Wimbi linapokutana na ukuta, sehemu yake huakisiwa kwenye uso, sehemu hufyonzwa ndani na kugeuka joto, na sehemu nyingine hugongagonga kati ya nyuso mbili za ukuta kabla ya kutoka au kufifia. Kiasi kinachozuiwa hupimwa kwa desibeli. Kinga ya desibeli 20 huzuia asilimia 99 ya nguvu ya wimbi. Ya desibeli 30 huzuia asilimia 99.9, ya desibeli 40 huzuia asilimia 99.99. Shaba ni bingwa wa kuakisi. Katika masafa ya gigahezi 1, wimbi hupenya ndani ya shaba kwa takriban maikromita 2 tu kabla ya kudhoofika, unene ulio mdogo sana kuliko wa unywele.

Hata hivyo, wimbi lililoakisiwa halijafa. Limehamishiwa kwa jirani. Ndani ya kasha la metali lililojaa vifaa, wimbi hurudi na kurudi hadi lipate tundu au kifaa dhaifu. Uzito wa jambo hili uliwahi kuonekana vitani. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilikuwa ikiwasiliana kwa setilaiti, na mawimbi ya mawasiliano hayo yakavuruga uwezo wa chombo chake kingine kilichokusudiwa kugundua rada za adui. Kombora la Exocet likaipiga na mabaharia 20 wakafa. Kisa hicho hakikuhusu ukosefu wa kinga ya kauri, wala makala haya hayadai hivyo. Kinaonyesha tu kwamba usumbufu unaweza kutoka kwa jirani wa ndani ya chombo kimoja.

Kauri kama dirisha

Kazi ya kwanza kubwa ya kauri katika enzi ya rada ilikuwa kinyume kabisa cha kinga. Kombora linaloongozwa kwa rada hubeba antena kwenye pua, na pua hiyo hupata joto kali kwa msuguano wa hewa. Ilitakiwa nyenzo itakayostahimili joto na wakati huohuo iyaache mawimbi yapite kana kwamba haipo.

Jibu mojawapo lilipatikana kwa bahati. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, S. Donald Stookey wa kampuni ya Corning nchini Marekani aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri alilolikusudia lifikie digrii 600 za Selsiasi. Kidhibiti kikaharibika na joto likapanda hadi karibu digrii 900. Alitarajia kukuta kioo kimeyeyuka. Alikuta kipande kigumu, cheupe, kilichomponyoka na kuanguka sakafuni bila kuvunjika. Kioo kilikuwa kimegeuka fuwele, yaani kauri. Corning iliitangaza nyenzo hiyo mwaka 1957 kwa jina la Pyroceram. Ikatumika kwenye pua za makombora, na mwaka uliofuata ikaingia jikoni kama vyombo vya kuokea.

Msomaji anaweza kuziona pande zote mbili za historia hii katika tanuri moja la mikrowevu. Bakuli la kauri lililo ndani huyaacha mawimbi ya gigahezi 2.45 yakifikie chakula. Wavu wa metali ulio kwenye mlango huyazuia yasimfikie mpishi. Hadi miaka ya 1950 mgawanyo wa kazi ulionekana wa asili: metali huzuia, kauri hupitisha. Vitabu vya shule vilivyoifasili kauri kuwa kihami viliandikwa chini ya kivuli cha mgawanyo huo.

Feraiti, au kauri yenye sumaku

Mgawanyo huo ulikuwa na ufa tangu mapema. Mwaka 1930 Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo walitengeneza feraiti, yaani kauri za oksidi ya chuma iliyochanganywa na oksidi za metali nyingine. Kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuifanya biashara. Huko Eindhoven, J. L. Snoek wa maabara za Philips aliendeleza feraiti za manganizi na zinki na zile za nikeli na zinki, akachapisha matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1947.

Feraiti ina sumaku kama chuma lakini hupitisha umeme kwa shida. Kwa sababu hiyo wimbi halirushwi usoni. Huingia ndani, likalazimisha sumaku ndogondogo za nyenzo kuyumba, na nguvu yake ikaisha kama joto. Uvimbe mdogo unaoonekana kwenye waya wa kompyuta au wa kuchajia ni pete ya feraiti. Vigae vya feraiti hufunika kuta za vyumba vya kupimia usumbufu. Kwa mara ya kwanza kauri ilikuwa kinga, tena kinga ya kufyonza.

Udhaifu wake ni joto. Kila nyenzo yenye sumaku ina kikomo ambacho ikikivuka hupoteza usumaku wake, na kwa feraiti nyingi za manganizi na zinki kikomo hicho kiko kati ya digrii 100 na 300. Hata magnetaiti, oksidi asilia ya chuma, haipiti digrii 585 hivi. Aliyetaka kukinga mawimbi karibu na injini ya jeti hakuweza kutegemea sumaku.

Njia nyingine ilikuwa kaboni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walifunika mabomba ya kuvutia hewa ya nyambizi zao kwa tabaka zenye kaboni ili rada zisiyaone, katika mradi uliopewa jina la siri lenye maana ya mfagia dohani. Utani wa masizi ulikuwa mahali pake. Marekani, Winfield Salisbury alibuni pazia jembamba lenye ukinzani wa ohmu 377, sawa na ule wa anga tupu, likiwekwa mbele ya metali kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Lakini kaboni ikiachwa wazi hewani huanza kuungua kabla ya digrii 600, na plastiki inayoibeba hushindwa mapema zaidi. Mwisho wa vita ulikuta kanuni zinajulikana. Kilichokosekana ni mwili wa kuzibeba kanuni hizo motoni.

Sendai, 1975

Mwili huo ulikuwepo, ingawa si kwa umbo lililotakiwa. Mwaka 1891, huko Monongahela katika jimbo la Pennsylvania, Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi bandia kwa kupasha udongo na makaa kwa umeme. Alipata fuwele ngumu zinazong'aa ambazo alidhani ni muungano wa kaboni na korandamu, akaziita carborundum. Dhana ilikuwa na kosa. Kitu chenyewe kilikuwa kabidi ya silikoni. Jina la kosa likabaki sokoni. Kwa miaka mingi nyenzo hiyo ilijulikana kama unga wa kunolea na karatasi ya msasa, na kama nondo za kupasha joto za matanuri.

Kabidi ya silikoni haiyeyuki katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Hubaki ngumu hadi kupita digrii 2,000. Ikipashwa hewani hujifunika utando mwembamba wa silika unaoizuia isiendelee kuungua. Na si kihami: ni nusu kipitishi, ambacho upitishaji wake hutegemea usafi, kaboni iliyozidi na joto. Tatizo lilikuwa kwamba kipande chake kikubwa hupasuka kama sahani. Ili kauri isivunjike ghafla inahitaji nyuzi ndani yake, kama vile ukuta wa udongo unavyohitaji fito.

Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, katika mji wa Sendai, alitangaza mwaka 1975 namna ya kuzipata nyuzi hizo. Badala ya kuanza na unga, alianza na plastiki. Kemikali ya silikoni yenye klorini iligeuzwa kuwa polima, polima hiyo ikapashwa na kuwa polikabosilani, nayo ikayeyushwa na kuvutwa kama uzi. Uzi ulikaushwa kwa hewa ya moto ili usiyeyuke tena, kisha ukachomwa kwenye tanuri lisilo na hewa kwa joto lipitalo digrii 1,000. Hidrojeni na gesi nyingine zikaondoka. Kilichobaki kilikuwa uzi mweusi wa kauri, wenye kipenyo cha takriban maikromita 14, unaoweza kufumwa kama kitambaa. Kampuni ya Nippon Carbon iliuingiza sokoni kwa jina la Nicalon.

Katika njia hii mambo mawili yaliyoonekana kuwa kasoro yaligeuka kuwa historia. Kukausha kwa hewa kuliacha oksijeni ndani ya uzi, na oksijeni hiyo ilifanya uzi udhoofike joto lilipopita digrii 1,200 hivi. Kizazi cha baadaye kilikaushwa kwa miale ya elektroni ili kuiepuka. Pili, polima iliacha kaboni iliyozidi, iliyotawanyika ndani ya uzi kama vipande vidogo vidogo. Kwa mtu aliyetaka uzi wenye nguvu, kaboni hiyo ilikuwa uchafu. Kwa mtu wa mawimbi, ilikuwa kile hasa kilichokosekana tangu vita: kaboni iliyofichwa ndani ya mwili usioungua. Kwa kubadili kemia na joto la kuchomea, mtengenezaji angeweza kupandisha au kushusha ukinzani wa uzi mara elfu nyingi, na hivyo kuamua kama wimbi litapita, litaakisiwa au litafyonzwa.

Sehemu kubwa ya matumizi ya mwanzo ilikuwa ya kijeshi na haikuandikwa hadharani. Mwaka 1987 nchi saba zilianzisha utaratibu wa kudhibiti teknolojia ya makombora, na orodha yake inagusa nyenzo za kupunguza mwonekano kwa rada pamoja na kabidi ya silikoni ya matumizi fulani. Nyenzo iliyoanza kama karatasi ya msasa ilikuwa imeingia katika diplomasia.

Upande wa kiraia ulikuja kuonekana wazi mwaka 2016, pale injini ya LEAP ya kampuni ya CFM International ilipoanza kazi katika ndege za Airbus A320neo. Pete inayozunguka mapanga ya tabo ya kwanza, mahali penye joto kali, imetengenezwa kwa nyuzi za kabidi ya silikoni ndani ya kabidi ya silikoni. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya aloi za nikeli. Pete hiyo ipo kwa ajili ya joto, si kwa ajili ya mawimbi. Umuhimu wake kwa mada hii ni kwamba inathibitisha kukomaa kwa mwili wenyewe: kauri mseto inaweza kubeba abiria.

Joto linapobadili tabia

Yafuatayo ndiyo yanayoitenga kinga ya kauri na kinga nyingine zote, na ndiyo yanayopotea zaidi katika tafsiri.

Metali ikipashwa, ukinzani wake wa umeme hupanda. Nusu kipitishi kikipashwa, ukinzani wake hushuka. Maana yake ni kwamba kauri iliyopimwa maabara katika joto la chumba, ikaonekana inafyonza vizuri, yaweza kuwa kitu kingine katika digrii 800. Upitishaji ukipanda kiasi, ufyonzaji huongezeka. Ukipanda kupita kiasi, uso wa kauri huanza kufanana na metali: wimbi haliingii tena, linarudishwa. Kinga ambayo ilikuwa ikimeza mawimbi sasa inayatupa kwa jirani, bila mtu kuigusa.

Kutokana na hali hiyo, watafiti wa miongo miwili iliyopita, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Northwestern Polytechnical huko Xi'an, wameelekea kwenye kauri za tabaka. Tabaka la nje hutengenezwa kwa kauri isiyopitisha umeme, mathalani nitridi ya silikoni, ili wimbi liingie bila kushtuka. Tabaka la ndani ndilo lenye kaboni au kabidi ya kutosha kulimaliza. Dirisha la enzi ya Stookey limerudi, safari hii likiwa mlango wa mtego. Mvuke wa maji unaotokana na uchomaji wa mafuta ni adui mwingine, kwa sababu huula utando wa silika; kauri za injini hupakwa tabaka la ziada la kuukabili.

Ni vyema kutaja kwa ufupi mshindani mpya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walitangaza kabidi za metali zenye tabaka nyembamba mno zinazoitwa MXene, na mwaka 2016 wao pamoja na wenzao wa Korea Kusini waliripoti utando wa maikromita 45 uliozuia desibeli 92. Tarakimu hiyo imenukuliwa kila mahali, wakati mwingine kwa shauku iliyozidi. Ni tarakimu ya joto la chumba. Utando huohuo ukipashwa hewani kwa digrii mia kadhaa hugeuka oksidi ya titani, na sifa yake kuu hupotea.

Kukinga mvua, kukinga maji

Lugha zinazolizunguka eneo letu zimechagua sitiari za vita na hali ya hewa. Kiingereza kina ngao. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya ufundi kwa wasemaji wengi wa Kiswahili nchini Kongo na Burundi, hutumia blindage, neno lilelile la deraya ya gari la kivita. Kijerumani kina kivuli cha mwavuli. Zote tatu zinatazama kitu kimoja: kinachokuja hurudishwa kilikotoka. Zilitosha kwa kizimba cha Faraday na kwa kasha la shaba.

Kiswahili kina "kukinga", nacho kina tabia ambayo haijazingatiwa ipasavyo katika mijadala ya istilahi. Mtu hujikinga mvua kwa mwavuli: mvua isimfikie. Mtu huyohuyo hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya bati: mvua iingie na ibaki. Kitenzi kimoja kinabeba kuzuia na kupokea. Feraiti hukinga kwa maana ya pili. Kauri mseto ya tabaka hukinga kwa maana ya pili ikiwa baridi na, ikiwa imebuniwa vibaya, kwa maana ya kwanza ikipata moto. Pendekezo la "ngao" linalosikika katika baadhi ya tafsiri za vitabu vya kompyuta lingeifunga istilahi katika nusu ya historia. "Kinga" inaacha nafasi ya kusema "kinga akisi" na "kinga fyonzi", na tofauti hiyo si pambo: mkaguzi anayesoma kwamba kasha lina kinga ya desibeli 40 hajaambiwa bado kama wimbi limekwisha au limehamia kwenye kasha la pili.

Kwa upande wa kauri, fasili ndiyo inayohitaji marekebisho zaidi ya neno. "Kauri" linaweza kubaki. Asili yake ya simbi hailiharibu, kama ambavyo porcellana haikuharibiwa na asili yake. Kinachopaswa kuondoka ni fasili ya "udongo uliochomwa usiopitisha umeme". Kabidi ya silikoni ya Yajima haikuwahi kuwa udongo, na inapitisha umeme kwa kiwango kinachochaguliwa na mtengenezaji. Fasili inayofaa itazingatia kwamba kauri ni nyenzo ngumu isiyo metali wala polima, iliyopata umbo au sifa zake kwa joto kali, na iseme wazi kwamba upitishaji wake hutofautiana kutoka kihami hadi kipitishi. Hiyo ni ndefu kuliko wanakamusi wanavyopenda. Ufupi wa fasili ya zamani umetosha kuwapotosha wanafunzi.

Forodha

Jambo hili lina mahali pa kulipimia nje ya kamusi. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, hutoza ushuru kwa kufuata mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Katika mfumo huo kabidi ya silikoni ikiwa unga iko miongoni mwa kemikali, namba 2849.20. Vifaa vya kauri vilivyochomwa baada ya kuumbwa vina sura yao, ya 69. Vihami vya umeme vya kauri, yaani vile vikombe vya nguzo, viko kwingine kabisa, namba 8546.20.

Kigae cha kauri mseto kinachoingia bandarini Mombasa au Dar es Salaam kwa ajili ya chumba cha kupimia usumbufu, au kwa karakana ya ndege, kinaweza kuandikwa kwa uaminifu kamili katika hati ya Kiswahili kuwa "kifaa cha umeme cha kauri". Ofisa aliyefundishwa kwamba kauri ni kihami atakisoma hivyo na kukipeleka kwenye 8546.20, sura ya kitu chenye kazi iliyo kinyume. Bidhaa hiyohiyo ikipitia mpaka wa Kongo kwa hati ya Kifaransa itatajwa kama deraya, neno linalozua maswali ya aina nyingine. Nyenzo ambazo baadhi yake ziko katika orodha za udhibiti wa makombora hazipaswi kuwa na majina matatu yasiyokutana.

Tafsiri ya maelezo ya ushuru kwa Kiswahili ni kazi ya kisheria kabla ya kuwa ya kiisimu, na kwa kawaida hufanywa na wanasheria na wachumi. Mahali pa mwanaistilahi katika kazi hiyo ni mapema, pale orodha ya fasili inapoandaliwa, akiwa pamoja na mhandisi wa nyenzo na ofisa wa forodha. Kwa bidhaa za kauri, maingizo ya kuanzia yangekuwa manne: kauri hami, kauri pitishi, kauri mseto na kinga fyonzi, kila moja likiambatana na kiwango cha joto ambacho ndani yake jina hilo bado ni la kweli.